Taa ya Dinamo

Treni ya Kigoma imefika saa tano kasorobo.
Ilitakiwa saa kumi na mbili, wala haikuomba radhi.
Nimefunga dirisha la tiketi,
nimehesabu noti mara mbili, za kunuka dagaa na za kunuka tumbaku,
nimempa Bwana Kapela funguo.
"Mama, lala hapa benchini mpaka kuche," anasema.
Anasema hivyo kila usiku. Kila usiku nakunja kitenge,
nakichomeka kiunoni, naenda zangu.

Baiskeli yangu ni Swala, kongwe kuliko mwanangu wa kwanza.
Kengele ilikufa zamani, nakohoa badala yake.
Naibonyeza dinamo iume tairi,
inaanza kunung'unika
kama bibi aliyeamshwa akasage.
Taa hii haikopeshi. Nikikanyaga, ipo.
Nikichoka, inachoka. Nikisimama, giza.

Mchana njia hii ni kazi tu.
Mchanga unashika magurudumu, jua linashika utosi,
na kila mwenye kibaraza ana neno:
mke wa Mlekwa huyo, kapanda chuma kama tarishi.
Usiku hakuna mke wa mtu.
Kuna mnyororo, kuna pumzi,
kuna upepo unaoingia mkono mmoja wa blauzi
ukatokea wa pili bila hodi.

Ghala la tumbaku nalijua kwa pua.
Kisha ubaridi wa kijito, ghafla, kama kutia uso mtungini.
Kisha mtu: simwoni, naona ncha ya sigara yake.
"Mwadila!" inasema ile ncha.
"Mwadila!" naijibu, nimeshaipita,
na mpaka leo sijui nilisalimiana na nani.

Pale njia inapoanza kushuka kuelekea Malolo
ndipo penye siri yangu.
Naisukuma dinamo kwa kisigino,
inaachia tairi. Kelele zinakatika.
Taa inakufa.
Macho yanahangaika kidogo,
halafu barabara inajitokeza yenyewe, nyeupe,
kama unga uliovuja guniani njia nzima.
Sikanyagi. Sishiki breki, na breki zenyewe ni soli za ndala.
Nina miaka arobaini na saba, nina watoto wanne,
nina vifundo vinavyovimba na deni la duka,
na kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini
sina hata kimoja.
Nyota zinakwenda nami. Miti haiendi.
Nimewahi kucheka pale kwa sauti, peke yangu;
mbwa akabweka mara moja, akaona hayamhusu.

Chini kuna daraja la mbao. Ubao wa tatu umelegea.
Ukilia chini yangu narudisha dinamo,
narudi kuwa mtu mwenye taa.

Usiku mmoja nilishuka, nikapanda tena nikiikokota,
nikashuka mara ya pili.
Na ya tatu, nisiseme uongo.
Mlekwa alikuwa macho, chai imepoa.
"Umechelewa."
"Mnyororo ulichomoka," nikasema.
Akaishika mikono yangu karibu na kibatari,
akaigeuza, viganja, kisha migongo:
safi, hata alama ya grisi hakuna.
Akaniachia taratibu, kama anayerudisha vyombo vya watu.
Tukala. Hakuuliza.

Asubuhi nilikuta baiskeli imeegemezwa ukutani,
mnyororo umepakwa mafuta jino kwa jino,
na zile breki, za kutengenezwa Jumamosi isiyofika,
zimefungwa mpira mpya.