Kufumua

Umenijia na flashi mfukoni, Famau,
wataka siri, tena waitaka kabla ya Isha.
Keti. Si hapo, hapo pana bisibisi.

Mimi nilianza kwa kidole kimoja,
kile kilichozoea subana,
dukani kwa Bwana Shekuwe wa fotokopi, Langoni,
nikiitafuta M ya Mwanamkuu
nisiione, na iko chini ya pua yangu.
Nilikuwa na miaka thelathini na tisa
na kofia ya viua mapajani, nusu imeshonwa.
Vijana walicheka. Sikuwalaumu.
Nami ningecheka.

Mwezi wa pili nilijua kuhifadhi.
Mwezi wa tatu nilijua kwamba sijui kuhifadhi:
umeme ulikatika, kazi ya watu ikaenda nao,
kurasa kumi na moja za kesi ya shamba,
na mwenyewe amekaa pale, anaitazama skrini nyeusi
kama atazamaye kisima kilichomeza ndoo yake.

Kisha nikaua mashine.
Naam, niliua. Ya zahanati.
Niliifungua kwa kisu cha samaki,
nikaona chumvi imeota juu ya shaba, kijani,
nikaisugua kwa maji.
Kwa maji, Famau!
Kofia tatu zilikwenda kuilipa,
miezi saba ya macho yangu.
Lakini maiti ile nilibaki nayo,
nikaipasua usiku baada ya usiku juu ya mkeka,
nikakiuliza kila kidude: wewe kazi yako nini?
Sijapata mwalimu aliyenifunza kuliko maiti ile.

Waulizia njia ya mkato.
Wajua mshona kofia hufanya nini
akigundua amekosea tundu moja safu ya nne
naye yuko safu ya ishirini?
Hufumua.
Hafichi, maana ua likipinda, kofia nzima imepinda.
Programu yangu ya kwanza,
ya kuhesabu dawa za zahanati ileile,
ilinikatalia siku tisa.
Nikaifumua mstari kwa mstari
hata nikakuta nukta. Nukta moja, mahali pasipo pake.
Nikalia, kisha nikacheka, kisha nikateleka chai.

Hilo daftari usilishike kwa mikono ya mafuta.
Ni makosa yangu, nimeyapa nambari
na tarehe, na dawa iliyoyaponya.
Wenzio huandika waliyoyajua;
mimi huandika yaliyonipiga mweleka.
Leo wanakuja watu wa Shela, wanakuja wa Matondoni,
mashine zao wamezifunga kwa kanga,
waniita fundi, wengine bingwa,
nami nimekaa natazamana na kosa la mia nne na sita
lililonikalia kooni tangu Jumanne.

Sijui utafika wapi.
Pa kuanzia napajua:
ile mashine ya pembeni, iliyong'oka herufi M.
Haiwaki, na mwenyewe hajarudi kuiulizia.
Chukua mswaki mkuukuu na spiriti
(spiriti, si maji)
uifungue polepole,
skrubu uzipange kwenye kifuniko
kwa mfuatano zilivyotoka.

Ukiiua, njoo uniambie.
Nitakupa ukurasa.