Zizi Lenye Madirisha ya Kanisa

Trekta haikupita mlangoni.
Ndiyo sababu babu yangu, Firmin Tavernole,
alibomoa ukuta wa mashariki, ule wa altare,
na jiwe la kwanza kuanguka lilikuwa na uso:
malaika, au mtoto tu, pua imeliwa na mvua.
Akalipangusa kwa kofia. Akalilaza kisimani,
uso chini, asije mtu akaukanyaga.
Tunachota maji juu ya kisogo chake mpaka leo.

Hapo zamani walikuwa watawa saba.
Hawakuzidi saba: bwawa halikuwa na samaki wa kulisha wanane.
Daftari la mkuu wao, Gaucher, limebaki jani moja,
nalo panya wamelipunguza pembe:
"Kondoo kumi na tisa. Nta, ratili mbili.
Paa linavuja juu ya jiko.
Ndugu Isembard amesinzia tena kwenye sala ya usiku.
Anyimwe mvinyo hadi Ijumaa."

Katika watakatifu wote wa nchi hii
ningemwashia mshumaa Isembard.

Kisha yakaja Mapinduzi, na taifa likauza cha Mungu
kwa mnada, siku ya soko, kati ya vitunguu na mbuzi.
Alinunua Mathurine Coudert, mjane wa msaga ngano,
kwa noti ambazo hata kipupwe hazikufika na thamani yake.
Kengele ilipakiwa mkokoteni, ikayeyushwe iwe mzinga;
ililia njia nzima, wanasema,
kila gurudumu lilipozama shimoni.
Mathurine hakulia. Alitafuta matumizi.
Kwenye ndoano ya taa takatifu
akatundika mapaja ya nguruwe:
chuma kile kile, moshi mwingine.

Mimi nimekulia humo, katika nyasi kavu.
Julai tulizirundika mpaka zikawafunika mitume
waliochorwa ukutani, wote, hata Petro na funguo zake.
Baridi ikija ng'ombe wakala, na mitume wakarudi kidogo kidogo:
Desemba utosi, Januari macho,
Februari mikono iliyoshika vitabu,
na Machi, tukiwa hatuna tena cha kuwalisha ng'ombe,
miguu. Miguu mitupu, mirefu, yenye vidole vibaya.
Nilidhani ndivyo yalivyo makanisa yote,
kwamba kila mahali watakatifu hupimwa kwa njaa ya mifugo.

Mwaka juzi alikuja Bi Lucasseau wa ofisi ya majengo ya kale,
na tochi, na viatu ambavyo alivijutia.
Alipapasa rangi kwa ncha ya kidole kama anayepima homa.
"Pumzi ya ng'ombe inaila," alisema. "Waondolewe."
Mama akajibu, bila kuacha ndoo:
"Pumzi yao ndiyo iliyozuia barafu isipasue kuta hizi
miaka mia mbili. Ofisi yako ilikuwa wapi?"
Bi Lucasseau aliandika. Sijui aliandika nini.
Barua haijaja, na mimi, nikiri,
kila nikimsikia mtu wa posta moyo hunipiga.
Nimeona rangi ikibanduka. Nimeiokota sakafuni,
buluu, ndogo kama gamba la samaki,
nikaitia mfukoni nisimwonyeshe mtu.

Jana usiku Rousseline alikuwa na uchungu.
Saa tisa, baridi ya kung'ata meno.
Alizunguka, akasita chini ya Tomaso,
akakunja magoti ya mbele, kisha akashusha kiuno.
Ng'ombe hajui sala,
ila sijaona hata mmoja aliyelala bila kupiga magoti kwanza.
Nikamngoja, mgongo kwenye nguzo,
mahali ambapo jiwe limelika, limekuwa laini,
kimo cha bega la mtu aliyechoka.

Niliposhtuka ndama alikuwa amekwisha kusimama,
amelowa, anatetemeka, ananinyonya mkono wa koti.
Nilisinzia, Isembard.
Leo ni Jumanne. Mvinyo nimekunywa.