Sindano ya Tatu

Kadutu, Bukavu, saa tisa usiku. Jenereta inakohoa nje.
Nsimire amelala, nusu ya mwili imeshazimwa,
na mashine ndogo inasoma: themanini, sabini, sitini na tano.
"Masikio yanavuma," anasema. "Ninyi mko mbali."

Natia efedrini mrijani.

Usidhani dawa hii ina nguvu nyingi za kwake.
Huingia kwenye ncha ya neva kwa mlango wa nyuma,
kama mgeni aliyejipenyeza depo ya Mama Cibalonza,
akakuta magunia ya unga yamepangwa toka asubuhi,
akayasukuma nje, bila risiti, bila mwenye duka kuitwa.
Amri ya ubongo imekatizwa mgongoni, haijafika.
Noradrenalini inamwagika tu barabarani
na mishipa inakaza mkanda.

Mia na kumi. Nsimire anauliza mvua imeanza lini.

Sindano ya pili: tisini na tano.
Ya tatu: themanini, basi.
Dawa haijaharibika. Stoo ndiyo imekwisha;
mgeni anapapasa sakafu, anaokota vumbi la unga.

Zihindula, bila kuinua macho: "Vipi huko?"
Nafungua kabati la chini. Adrenalini, ampuli moja.
Hiyo huja na mzigo wake mgongoni, haitegemei depo ya mtu.
Naizimua kwa maji ya chumvi, mara kumi, tena mara kumi,
nikihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule.

Kabla sijamaliza, kuna mwingine analia.
Mdogo, mwenye hasira,
stoo zake zimejaa hadi mlangoni.