Bondo

Usiku radi ilikoroga ziwa kama uji.
Asubuhi, mwalo wa Kiyindi, sangara wamelala mchangani,
wakubwa tu. Sato hayumo hata mmoja.

Kizza asema sumu.
Nalweyiso atazama upande wa maboti ya doria, hasemi.
Kijana wa vipimo kutoka Jinja kachovya kidude chake, kasoma:
hewa imekwisha majini, tope la chini limepanda,
na mwenye mwili mkubwa hutangulia.

Mimi nilikuja na kisu, sifichi.
Bondo la sangara mmoja ni karo ya muhula.
Nikampasua.
Likatoka zima, limejaa, gumu kama mpira wa watoto.

Mnunuzi akanipungia: leo mizani imelala.

Nimesimama nalo mikononi.
Hewa yote hii alikuwa nayo tumboni,
akafa akiitafuta.