Upande wa Pili, Dakika ya Nne

Tulichomoa friji ya jikoni
kwa sababu ilikuwa ikinguruma nusu sauti chini ya besi,
na tukasahau kuirudisha.
Asubuhi samaki wa Bi Earlene walikuwa wameoza,
nje theluji ya bure imejaa tele, hakuna aliyeiwaza.
Hilo halimo kwenye santuri.
Bili ya samaki ninayo mimi.

Kilichomo ni hiki:
ukumbi wa chama cha wafanyakazi, Dayton, Ohio,
usiku wa Februari, watu mia na arobaini,
makoti mapajani,
na Thaddeus Pruitt, miaka sabini na sita,
akilowesha ulimi wa mwanzi mdomoni
kama mpishi anayeonja chumvi
na hataki kuulizwa.

Kisha dramu. Renita, bintiye,
anapiga kama anayetwanga bila kumwaga unga:
pigo la kwanza, pigo la kwanza, daima lile la kwanza
lidondoke hapo, hapo hapo,
mengine yajitafutie pa kukaa.
Besi inachelewa kidogo, makusudi,
inajua mlango hautafungwa bila yeye.
Tarumbeta mbili: pa!
Kimya.
Pa-pa!
Na mzee anaingia kwa ubavu
na sauti nene yenye kutu,
sauti ya miaka thelathini na mmoja kiwanda cha breki,
zamu ya usiku, saksafoni kwenye kabati la chuma,
na zile dakika kumi na tano za mapumziko
akiipulizia uani, penye malori,
vidole vikinuka grisi.
Watu wanasimama. Viti vinaburutwa. Viti vimo,
mtavisikia.

Upande wa pili ni wimbo wa taratibu,
aliomtungia Vernelle mwaka ule wa hospitali.
Dakika ya nne anapanda kuitafuta noti ya juu.
Nimesikiliza mara mia. Haifiki.
Inatoka hewa tupu, fyuu,
meno ya bandia yanagonga,
na ukumbi mzima umebana pumzi.
Ndipo mwanamke, safu ya nyuma kabisa:
"Polepole, Thad. Hatuna basi la kuwahi."
Kicheko.
Renita analitua tena pigo la kwanza, taratibu,
kama mtu anayemsogezea baba yake kiti,
na baba anakikalia.

Kampuni ikaniandikia: kata hapo.
Noti hiyo hiyo ipo kwenye rekodi yake ya sabini na tatu,
safi, ndefu; ichukue, ibandike, nani atajua?
Nikaenda kwake na spika mbili ndani ya mfuko wa sokoni.
Alikuwa jikoni anakoroga uji wa mahindi.
Akasikiliza ya kwanza. Akasikiliza ya pili.
Uji ukaanza kushika ukoko, hakuugeukia.
"Huyu kijana," akasema, "bado hajakutana na Vernelle.
Anaingiaje humu?"
Akazima jiko, akanipakulia bakuli,
tukala ule uliofaa.

Basi sikukata.
Hewa imo, meno yamo, basi lisilowahiwa limo.
Nilikata kitu kimoja tu, usiku, peke yangu,
kabla nyimbo hazijapelekwa kuchapwa:
kikohozi, mwisho kabisa, baada ya makofi.
Kilikuwa changu.

Sasa kila sindano ikifika pale
nawahesabu: mia na arobaini, wote wamo,
hata Bi Earlene anauliza nani amezima friji.
Mimi simo.