Bila Kubadilisha Maana

Mwalimu Varkey alitupa masharti siku ya kwanza:
neno ulilopewa usiliguse,
usilikate mkia, usilivishe kichwa.
Maneno matatu, yasizidi sita.
Na sentensi ya pili iseme yaleyale ya kwanza,
isipunje, isizidishe, kama samli kwenye mizani.

Darasa liko Ruwi, juu ya fundi cherehani.
Mazoezi nayafanyia nyumbani, Mabela,
saa nne usiku, watoto wamelala,
AC inadondosha maji kwenye ndoo ya rangi,
kalamu zimesimama ndani ya kopo la halwa
ambalo halijaacha kunukia zafarani.

Nina miaka arobaini na saba.
Shinuna, binti wa dada yangu, ana kumi na tisa.
Yeye anautaka mtihani akasome Ayalandi,
mimi nautaka nipande daraja moja kazini.
Tunatumiana majibu kwa simu.
Yangu hurudi na vicheko:
Mamdogo, hili tena?

Nazigeuza kwanza kwa Kiswahili, kichwani.
Mwalimu amekataza.
Lakini Kiingereza kinajenga ngazi ya maneno manne
ndipo kiyafikie majuto,
na sisi tuna *ngali*,
silabi mbili, tumeshafika, tumeshakaa.

Namba kumi na nne: mtenda aondoke, tendo libaki.
Hapo Kiingereza kinaita msaidizi wa kumshikia mlango.
Sisi tunatia *w*.
Herufi moja, tundu la sindano,
na mtu mzima anapenya humo na kitambi chake
asionekane tena.

Niliipata mara moja. Shinuna alishangaa.
Hajui kwamba nyumbani kwetu
tumeanza mazoezi haya zamani.
Tulianza na vikombe. Kimevunjika, tulisema,
kana kwamba kikombe kilijitupa chenyewe.
Kisha tukapanda darasa:
kiwanja cha Barka, mitende saba
niliyoihesabu kwa kidole nikiwa begani kwa baba.

Kiliuzwa, anasema Mama kila Idi
mgeni akiuliza.
Karatasi zilitiwa saini. Pesa zilitumika.
Kulikuwa na shida.
Na kaka yangu Mbaruk yupo palepale mkekani,
anachambua nyama ya shuwa kwenye mfupa,
anampa Mama kipande kilicho laini.
Wala Mama hakusema uongo.
Sarufi haina kasoro.
Alama mbili kati ya mbili.

Usiku huu nimemaliza kumi na nne
na chini yake nikajitungia ya kumi na tano.
*Kiwanja kiliuzwa.*
Neno ulilopewa: MBARUK.
Usilibadilishe.

Kalamu ya kwanza ilikauka. Nikachukua nyingine.
*Mbaruk aliuza kiwanja cha baba na Mama alijua.*

Nikahesabu. Manane.
Nikahesabu tena, polepole, kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayetafuta chenji iliyopotea.
Yamezidi mawili, na mawili hayo
nayajua ni yapi.
Nikiyakata, sentensi inaishia kwenye *na*,
inaning'inia,
mkono ulionyooshwa usiopokewa kitu.
Nikiyaacha, nimevunja sharti.
Na hilo la maana isibadilike,
sijui nani angelisahihisha.

Simu ikawaka.
Mamdogo, umefika wapi?

Nikaandika: bado.
Neno moja tu. Kwa Kiingereza ningelazimika kuchagua
kama ni jambo ambalo halijaanza
au ni jambo ambalo halijesha.

Ndoo imejaa mpaka ukingoni.
Nimeinuka kwenda kuimwaga uani,
kwenye mtende mmoja tuliopanda hapa,
mwaka wa tatu huu,
haujazaa.