Bure

Kubandika tangazo kwenye mlango wangu hulipi.
Unalipa kuchapa tu: faranga mia tano ukurasa,
mia saba umeme ukikatika nikawasha jenereta.
Watu wa Nyawera wanaujua mlango huu.
Umebeba vyumba vya kupanga, kadi za uchaguzi zilizopotea,
cherehani inayouzwa kwa sababu ya safari,
fundi wa friji, maombi ya siku saba.

Zihalirwa aliingia na mvua ya mchana,
viatu mkononi, suruali imekunjwa.
"Andika mbwa," akasema. "Dume. Miaka minne.
Halafu andika BURE, herufi kubwa."

Nikaandika.
Neno hili la kwetu lina nyuso mbili:
bure, usilipe;
bure, hakifai kitu.
Mashine haijui tofauti.
Na mimi siku ile sikuitafuta.
Chini nikachana vijikaratasi kumi, kila kimoja na namba ya simu,
vikaning'inia kama meno ya kitana.

Jioni vinne vilikuwa vimenyofolewa.

Wa kwanza alipiga akauliza: anang'ata?
Alitaka anayeng'ata, wa mnyororo, kwenye depo ya saruji.
Wa pili: ana kilo ngapi?
Wa tatu hakuuliza kitu.
Alisema, kesho asubuhi naleta gunia.

Kesho yake nilimkuta Zihalirwa mlangoni, sijatoa hata funguo.
"Bandua," akasema.
Kisha, polepole: "Kilo ngapi. Kilo ngapi!"

Nikamtajia Nsimire, yule wa Bagira,
anayefuga mbwa wa watu kwenye ghala la kahawa
lililobaki na nusu ya paa.
"Namjua," akajibu. "Yule wa maswali."
Ndipo nikaelewa kwa nini alianzia kwangu.
Mlango hauulizi.

Tulipanda Jumapili, watatu, kamba ikiwa imelegea.
Sufuria moja, fufu na vichwa vya sambaza.
Nsimire hakutupa kiti. Daftari la shule,
kalamu imefungwa uzi shingoni.

Kwa nini unamwacha?
Mwenye nyumba mpya hataki mbwa.
Ulimuuliza kabla ya kutoa garanti?
Kimya.
Anaogopa nini?
"Radi. Na ufagio."
Nani alimchapa na ufagio?
Zihalirwa akalitazama ziwa, kule chini.

Nilikasirika kwa niaba yake.
Mtu amepanda kilima na aibu yake mkononi,
bado anapimwa kama kitambaa!
Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Anaitikia jina gani?

Mdomo nikaufunga.
Nilichapa jinsia, nikachapa umri,
nikachapa neno moja kwa herufi kubwa,
na jina sikuliuliza.

"Kaputula," akasema Zihalirwa.
"Angalia, manyoya ya kahawia yanaishia hapa mapajani,
utadhani amevaa..."
Hakumaliza. Mbwa alikuwa amesikia jina lake,
akainuka, akaja kumnusa magoti.

Nsimire akafunga daftari.
Nafasi hakuna, alisema. Ninao ishirini na tisa.
Tena akalisukuma lango kwa goti,
maana mikono yake ilishaishika kamba.

Karatasi niliibandua. Gundi imebaki,
mraba wa vumbi kati ya friji na maombi.
Siku hizi mtu akisema andika bure, nauliza: anaitwa nani?
Wengine wanaguna, wanavuka barabara
kwenda kuchapa kwa Cirhuza, mia nne, haulizi.
Sina la kuwafanya.

Kijikaratasi cha nne hakijapiga simu mpaka leo.
Kiko mfukoni mwa mtu, Kadutu au wapi.
Natumaini kimefuliwa pamoja na suruali.